Farasi Kumi na Saba

Jino la fundi liliangukia kwenye roli za mashine, likazungushwa mara mbili, likatemwa sakafuni.

"Farasi kumi na saba!" Radi alinguruma. "Umewapeleka wapi?"

Walimwita Radi kwa kuwa hakutanguliza mawingu. Gari lake jeusi lilikuwa limefungwa minyororo katikati ya gereji, magurudumu ya nyuma yamekaa juu ya roli zinazopima nguvu ya injini. Mwezi uliopita kioo cha mashine kilisoma nguvu za farasi mia na sitini na nane. Leo, mia na hamsini na moja.

"Bosi, injini sijaigusa tangu—"

Konde la pili likamfundisha mahali pa kuweka nukta.

"Gari linanivuta kama konokono mjamzito, na mimi nina safari. Nirudishie farasi wangu. La sivyo, kila farasi na kidole chake."

Fundi akapiga hesabu. Vya mikono visingetosha. Ingebidi avue na viatu.

"Au ni mzigo?" Radi aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini. "Kwenye buti mna kitu kidogo."

"Gari limesimama hapa, bosi. Pakia hata tembo, mashine haina habari naye. Hii inajali kinachozunguka. Magurudumu yakiwa mazito, injini inamaliza nguvu kuyazungusha, kioo kinasoma pungufu."

"Sawa. Ila hilo buti usilifungue."

"Nilifungue la nini?"

Huku damu ikimchuruzika kidevuni, fundi aliyahamishia mbele magurudumu ya nyuma, na ya mbele akayaleta nyuma. Akakaza minyororo, akakanyaga mafuta. Injini ikalia mpaka mabati yakatetemeka.

Mia na sitini na nane.

Radi aliishusha spana ya magurudumu, ambayo ilikuwa tayari juu ya utosi wa fundi.

"Kumbe."

"Ni yale mawili, bosi. Nani aliyafunga?"

"Mdogo wangu, wiki iliyopita. Alikuwa fundi pancha."

"Alikuwa?"

Spana ikapanda tena. Fundi akameza swali pamoja na damu yake.

"Mwizi yule," Radi alisema. "Tumenyonya ziwa moja, halafu ananiibia dhahabu! Polisi walipotupekua wiki iliyopita hawakuiona, nikashukuru. Kuja kutafuta mwenyewe, hamna. Na aliyejua ilipokuwa ni yeye peke yake. Leo asubuhi nimempiga mpaka mkono ukachoka. Namuuliza iko wapi, ananikenulia na midomo ilivyopasuka. Anaanza: 'Kaka, si unayo mwe—'" Akatema mate. "Dharau hiyo! Sikumngoja amalize."

Fundi alichuchumaa mbele ya gari. Alilivua gurudumu moja zito, akalitoa upepo, akaingiza mtaimbo na kulibandua tairi kwenye rimu.

Ndani, kuizunguka rimu yote, kulikuwa na viraka vya pancha, vimebandikwa kwa vipimo ili gurudumu lisicheze hata barabarani kwa kasi. Kazi safi, ya mtu aliyeipenda kazi yake, na aliyempenda atakayeliendesha gari. Fundi alibandua kiraka kimoja.

Kipande cha manjano kikaanguka sakafuni, kando ya jino.

Spana ikamponyoka Radi. Alilitazama lile gurudumu, akaligeukia la pili, kisha akaanza kwenda nyuma ya gari kama mtu anayetembea ndani ya maji. Funguo zilimwanguka mara mbili. Akalifungua buti, akafunua turubai, akainama.

"Haya, mdogo wangu," alisema. "Malizia. Nakusikiliza."