Mpaka Sigari Iishe

Jeneza lilikuwa limeshafika langoni wakati Léonard alipovuta kiti cha marehemu, kile cha ngozi, akakiweka katikati ya njia na kuketi. Mkononi alikuwa na sigari moja nene, ya rangi ya kahawa. Aliitoa katika sanduku lililowekwa kando ya picha ya marehemu, Monsieur Sylvain.

Wabebaji wakasimama. Mama mmoja akaanza kuchekea ndani ya kitambaa chake, halafu ua mzima.

"Mutani amefika," wakasema.

Wengi wao walikuwa ndugu waliotoka kaskazini, na desturi waliijua. Mtani akija kwenye kilio anamtukana marehemu, anaketi kitini mwake, anaziba njia mpaka aridhike. Hakuna wa kumgusa, hata padri. Jeneza linangoja. Watu wa kazini, ambao pengine wangenung'unika, walikuwa wameshatangulia makaburini.

Léonard hakucheka. Alikata ncha ya sigari kwa kimkasi cha marehemu, kidogo tu, bila kuchana jani la nje. Akawasha njiti ya kiberiti, akaacha harufu ya baruti iondoke, akaikausha sigari upande wa kuwashia, akiizungusha polepole juu ya moto, ndipo akaitia mdomoni. Mikono yake iliijua kazi hii kabisa. Mdomo ndio ulikuwa mgeni.

Akavuta.

Ilimuudhi kwamba ilikuwa tamu. Miaka saba aliomba iwe chungu kama kinini, apate kusema kwamba mtu yule alikuwa mjinga pia. Lakini moshi uliingia laini, una karanga za kukaanga ndani yake, una mbao mpya, kisha kahawa. Hakuumeza. Aliuacha utembee kinywani, akautoa, na hasira ikampanda mpaka masikioni.

"Alikuwa anawaambiaka asema inatoka Cuba." Akavua ile pete ya karatasi, akaisoma silabi kwa silabi, maana shule aliiacha mapema. "Ni-ka-ra-gwa. Iko muzuri, lakini iko ya bei ya kawaida. Hata mwalimu wa shule kule Kasapa anaweza kuinunua siku ya fête, siku kubwa. Huyu alikuwa anaitoa pete mbele ya bageni, bamuogope."

Désiré, mtoto wa kwanza wa marehemu, aliyefika jana kutoka Ulaya, akacheka hadi machozi. Kweli, baba alikuwa na tabia hiyo ya kuvua pete. Akauliza watu kando yake mtani huyu ameyajuaje hayo, kisha akaja na noti na kuziweka juu ya goti la Léonard, kama desturi inavyotaka. Léonard akaziacha zianguke chini.

"Mutani, unataka nini basi?"

"Nimalize."

Padri akatazama saa yake. Wingu lilikuwa limejaa upande wa Kasungami, na kaburi lilikuwa wazi. Sigari ya namna ile, ukiivuta kwa adabu, mvuto mmoja kwa dakika, inakula saa nzima. Léonard aliivuta kwa adabu. Ilipofika katikati ikaleta pilipili, halafu ladha ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Jivu likakaa jeupe, refu kama kidole, wala hakulikung'uta. Yule aliyeiviringa, huko kwao, alikuwa fundi. Na hilo nalo lilimuudhi.

"Unaona, Monsieur," akaliambia jeneza. "Mukubwa haharakishwake. Si ulisema hivyo? Bibi yangu Laurentine alikuwa mu motokari yako, pale mbele ya bureau yako ya kazi, na mimba ya miezi sita, anashika tumbo. Nikakuomba tumupeleke hôpital. Wewe ukaniambia: ngoja nimalize sigari."

"Na ile mimba ilikuwa ya nani?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma.

Ua ukalipuka. Kina mama wakapigana mabega. Shangazi mmoja akasema huyu kazi anaijua, wengine wanakuja kutukana tu, huyu analeta hadithi nzima.

"Alikufia mule ndani, kwa kiti ya nyuma," akasema Léonard.

Wakacheka tena. Mtani anaruhusiwa kumshitaki marehemu hata kwa mauaji, na marehemu hana wakili.

Theluthi ya mwisho ikawa kali, ikaanza kumchoma vidole. Matone mawili ya mvua yakaanguka juu ya mfuniko wa jeneza. Wabebaji wakabadilisha mabega. Léonard aliutafuta uso mmoja usiocheka, mmoja tu, akautafuta toka lango mpaka ukuta. Hakuupata. Akavuta tena.

Ndipo basi likasimama barabarani. Bibi mmoja akashuka, uso umepakwa unga, amevaa suruali ya mwanaume na koti ndani nje, anaburuta sufuria iliyotoboka. Nyuma yake watu wanne, nao wamevaa hivyohivyo, walikuwa wanamwimbia Sylvain matusi. Watu wa kaskazini wakamtambua mara moja. Alikuwa Mama Lombe wa Pweto.

"Mutusamehe, basi iliharibikia njiani," akasema. "Siye batani ba Sylvain tuko hapa sasa." Akakitazama kiti, akamtazama aliyeketi juu yake. "Na huyu iko nani?"

Kicheko kikakatika. Désiré akamgeukia Léonard polepole.

"Papa, wewe ni nani?"

Léonard akavuta mara ya mwisho, akakilaza kipande kilichobaki juu ya mfuniko wa jeneza. Akasimama, akakisogeza kiti kando. Akaenda mpaka kwenye gari la maiti, akafungua mlango wa nyuma, akasimama kando yake, mgongo umenyooka, kofia mkononi.

"Shofere ya motokari yake," akasema. "Nimemaliza. Sasa munaweza kumupeleka."