Printa ya Breli

"Nimeliona kosa!" Everlyne aliruka kitini, nusura aiangushe kompyuta kuukuu ya shule.

Programu yake ya kuchapa breli, maandishi ya vinundu ya wasioona, aliiunda ibebe kila kitu ndani yake, isitegemee mashine yoyote. Nyumbani, mtaa wa Buxton, kwenye kompyuta yenye mfumo mpya wa Linux, ilienda vizuri. Hapa shuleni, kwenye Linux ya zamani, ilizimika kila ilipofunguliwa.

"Kumbe bado inaiomba kompyuta jina la mtumiaji, Mwalimu! Hapo inalazimika kutegemea mafaili ya zamani ya mashine hii, ndipo inapofia."

Akaufuta mstari huo wa programu, akaiunda upya, akaifungua.

Printa ikanguruma, Everlyne akashangilia. Mwalimu, asiyeona tangu utotoni, alikuwa amekitunga kwa mdomo kitabu kilichokuwa kikichapwa, wengine wakamwandikia. Kidole chake kikavifuata vinundu kabla karatasi haijamaliza kutoka.

"Maashallah! Nyamaza kidogo, mwanangu," akasema. "Nasoma."