Prosesa ya Tatu

"Umeniuzia takataka kwa mara ya pili," mteja alisema, akaiweka simu yake juu ya kaunta ili kila mtu aone ni ya bei gani.

Fundi kompyuta alimtazama kwa dharau aliyoshindwa kuificha. Watu wa aina hii aliwajua: wamesoma makala mbili mtandaoni, basi dunia nzima iliyobaki ni mbumbumbu.

"Bosi, ile prosesa aliyokufungia kijana wangu wa dukani mwezi uliopita inacheza video yoyote."

"Basi njoo uione ya marehemu baba. Picha inakwama, mdomo unakwenda huku, sauti kule. Tangu tumzike, mama hajamsikia mzee akimaliza sentensi moja. Mimi niliyekuwa nikienda kwa mama mwaka mara moja, sasa nafunga safari kila Jumapili kwa upuuzi wako. Mtaa mzima nimeshauambia wewe ni tapeli."

Hilo la mtaa ndilo lililomuuma fundi. Siku hizi wateja wake wa zamani walipita mlangoni wakijifanya wanasoma vibao vya upande wa pili. Akaishusha kutoka rafu ya juu prosesa kubwa kuliko zote dukani, ya watu wanaotengeneza sinema, si ya mtu anayetaka kumtazama baba yake akishukuru wageni.

"Hii nitaifunga mwenyewe hukohuko nyumbani. Ikishindwa, bango langu nalishusha."

"Utalishusha tu," mteja alisema.

Jumapili walikutana sebuleni kwa mama yake. Meza ilikuwa imejaa sahani, na yule bwana alikula huku akitoa kasoro kwa kila kitu, kuanzia chumvi hadi mapazia. Mama alikaa pembeni akimtazama anavyotafuna, akimwongezea kabla hajaomba. Fundi alimwonea huruma kwa kuzaa mtu wa namna ile.

"Na usiiguse hiyo kompyuta, mama. Hivi vitu huviwezi."

"Siviwezi kweli, mwanangu."

Simu ikaita, na bwana mkubwa akatoka uani kwenda kuwafokea watu wa ofisini kwake.

Fundi alifungua kasha, akaitoa feni, akapangusa grisi iliyokauka. Prosesa iliyokuwamo haikuwa yake. Ilikuwa ileile kuukuu iliyokuja na kompyuta, ambayo mara ya kwanza aliing'oa kwa mikono yake mwenyewe.

Kumbe ndivyo. Mjuaji amechomoa mzigo mzuri, ameuuza, kisha anazunguka mtaani akimchafulia mwenzake jina. Fundi alisimama na bisibisi mkononi. Leo angemuumbua mbele ya mama yake, na angefurahi kufanya hivyo.

"Punguza hasira, fundi," mama alisema.

Alikuwa ameshaufunga mlango wa uani. Alifungua kabati, akatoa kopo la biskuti, akalifunua. Ndani, juu ya pamba, zililala prosesa mbili, safi kama zilivyotoka dukani.

"Mkishafunga, kesho yake namwita fundi redio wa hapo jirani. Ananirudishia ya zamani."

Mama akachomoa simu kutoka mfuko wa gauni lake, akabonyeza. Kwenye kioo kidogo marehemu mumewe alikohoa, akawashukuru wageni mmoja mmoja, akatania, akacheka, akamaliza. Hakukwama hata mara moja.

"Huyu namtazama kila asubuhi," alisema, akanyoosha mkono apokee ile ya tatu. "Lakini ikicheza vizuri na kwenye kompyuta, Jumapili mwanangu atakuja kufanya nini?"