Ufunguo Usioshikika

Halbadiri, kisomo cha kumwapiza mwizi, ilisomwa Ijumaa baada ya Alasiri, ndani ya gereji ya malori ya Mzee Mbwana, Changamwe, na kila fundi alijua ni nani anayesomewa.

Ufunguo wa kompyuta ulikuwa umepotea. Ni kidude kidogo tu, lakini kisipochomekwa, programu ya kupima injini haifunguki. Changamwe nzima hakikuwako kingine, ndiyo maana malori yote mapya yalikuja kwa Mbwana. Na wa mwisho kukitumia alikuwa Khatibu.

"Aliyeuchukua, Mungu amuumbue," alisema Mbwana, macho kwa Khatibu. "Mkono ulioiba uoze."

Mkono wa Khatibu haukuoza. Lakini msikitini watu waliacha kuupokea. Akahamia Port Reitz na mkewe, Rania, akaapa kwamba kile anachoringia Mbwana atakigeuza takataka.

Ilimchukua mwaka. Aliazima ufunguo kama ule kwa rafiki yake wa Mariakani, akachunguza siri yake: programu inauliza, ufunguo unajibu. Akanakili majibu yote, kisha akatunga programu yake mwenyewe inayojibu vivyo hivyo. Siku kompyuta ilipofunguka bila kuchomekwa kitu, alicheka peke yake mpaka Rania akaja mlangoni.

"Mzee Mbwana katuma mtu tena. Yuko nje. Hii ni mara ya tatu."

"Mwambie nimekufa."

"Ungemsikiliza walau, Khatibu..."

"Nimekufa!"

Kisha akaigawa ile programu bure, gereji baada ya gereji, kutoka Changamwe hadi Jomvu. Hakutaka shukrani. Alitaka Mbwana akose hata lori la kupanguswa vioo. Kila aliposikia fundi mwingine kamkimbia mzee, chakula kilimshuka vizuri.

Siku aliyoambiwa gereji inafungwa, alivaa kanzu yake ya Idi akaenda kutazama.

Uwanja ulikuwa mtupu. Mbwana alikuwa juu ya ngazi, peke yake, anang'oa kibao cha gereji. Khatibu alisimama langoni, asitoe shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," mzee aliitikia hata hivyo.

"Nimekuja uone uso wangu. Mimi ndiye niliyekumaliza. Funguo zote za bandia humu Changamwe ni kazi yangu."

"Najua." Mbwana alishuka taratibu, akajifuta mikono. "Aliyeiba alikuwa Riyadh, mtoto wangu wa kumzaa. Nilijua kabla Halbadiri haijatimiza mwezi. Nikaona kukuomba radhi mikono mitupu ni kukutukana mara ya pili. Nimekutumia watu, wallahi, hukutaka kuwaona."

Akatoa bahasha kifuani, akamwekea mkononi.

"Mimi hapa nilikuwa nakulindia tu. Gereji hii imeandikwa jina lako tangu mwaka juzi."