Pimbi na Kinamasi Kilichokauka

Pimbi hakuwa na raha nyingine ila kukaa juu ya jiwe lake na kutazama ndege wa kinamasi kilichokuwa mbele yake. Siku moja Nyati, aliyechoka kulowa kwato, alifukua mfereji. Maji yakatoka yote, ndege wakahama.

Pimbi alibaki palepale, ameukodolea macho udongo mkavu, akilia kwa sauti kubwa hata hakusikia kitu kingine.

Asubuhi moja Korongo alitua kando yake, amenuna.

"Bwana Pimbi, tumekukosea nini?"

"Nyinyi ndio mlioniacha!"

"Tumekuacha wapi? Tangu tuhame mke wangu anajipamba, anacheza mpaka miguu inamuuma, na wewe umetupa mgongo tu. Jirani gani wewe?"

"Anacheza wapi?"

"Nyamaza kwanza. Kisha geuka."

Pimbi akageuka. Nyuma ya jiwe, mfereji ulikoishia, maji yalikuwa yametanda, na ndege walijaa kuliko zamani. Katikati yao alisimama Nyati, amelowa hadi tumboni, akitafuta pa kutokea.

Pimbi alifuta machozi, akakaa vizuri.

"Mwambie shemeji aanze tena mwanzo," alisema. "Sijaona hata kidogo."