Mchuzi wa Chaza

Shuwena aliingia jikoni mbio, koti la maabara bado mwilini. Chaza aliowaokota pwani ili kupima usafi wa bahari walikutwa wamejaa madini ya risasi. Dada yake Zamzam, mjamzito wa miezi saba, alikuwa ameketi mbele ya bakuli la mchuzi wa chaza wa pwani hiyo hiyo.

"Dada, usile! Chaza hao wana sumu. Majibu yametoka leo."

Zamzam akacheka. "Sumu gani tena? Nimewala tangu mimba ikiwa changa, na sijaumwa hata tumbo."

Shuwena akalitazama tumbo la dada yake.

Kicheko cha Zamzam kikakatika. Akaweka kijiko chini, akashika tumbo kwa mikono miwili, akisubiri mtoto acheze.