Mto wa Mgongoni

"Dada, hii gari yako ya haibridi ina miezi miwili tu na imeshazimika mara tatu," alisema meneja wa duka la magari. "Chagua: tukupe nyingine, au tukurudishie pesa zako?"

Shamila alishika kalamu asiandike. Marehemu mumewe aliliendesha gari lile siku nne tu. Kiti alikisogeza nyuma kabisa, miguu yake mirefu ipate nafasi, na tangu azikwe hakuna aliyekigusa. Shamila huendesha kaweka mto mgongoni.

"Nibaki na hili hili, kaka yangu?"

"Dada! Litakuua barabarani."

Nje ya kioo, fundi mfupi alifungua mlango wa gari lile, akautupa mto nyuma, akaketi. Miguu haikufika kwenye pedali. Akainama, akapapasa chini ya kiti, akitafuta wenzo wa kukisogeza mbele.